Kuomba Muhula: Mdeni, Mdai na Shamba la Karafuu katika Unguja na Pemba

Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu wa leo, muhula ni kipindi cha mihadhara kinachoishia katika mitihani. Kwa mwanasiasa, ni miaka mitano ya kukalia kiti. Matumizi haya mawili yameenea mno, hata maana iliyo karibu zaidi na asili ya neno lenyewe imebaki kwa wazee na katika nyaraka za zamani. Katika Kiarabu, lilikotoka, neno hili hutaja nafasi ya ziada apewayo mtu kutimiza jambo ambalo wakati wake umekwisha kuwadia. Mtu wa pwani aliyeomba muhula kwa mdai wake hakuwa anaomba kusamehewa. Alikuwa anakiri deni, anakubali kwamba siku ya kulipa imefika, na anaomba siku nyingine.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya ombi hilo katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, tangu baada ya tufani ya mwaka 1872 hadi sheria za madeni za miaka ya 1930, pamoja na yale machache yaliyofuata. Sababu ya kuchagua mashamba ya karafuu ni kwamba huko ndiko rehani ilikokuwa msingi wa uchumi mzima, na ndiko serikali ilikojaribu, kwa mara ya kwanza katika visiwa hivyo, kuwaombea wadeni muhula kwa nguvu ya sheria. Hoja kuu ni kwamba muhula wa kuombwa ulikuwa rehema na mtego kwa pamoja, na kwamba serikali, ilipouchukua mikononi mwake, iliuondoa mtego kwa namna iliyoondoa pia mkopo wenyewe.

Maneno ya deni

Msamiati wa madeni katika Kiswahili umejengwa kwa tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la Kibantu. Kitenzi -wia, ambacho kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inakiorodhesha, humaanisha kuwa na haki ya kulipwa na mtu; naye mwenye kulipa huwiwa. Kutokana nacho hupatikana mwia na mwiwa. Umbo hilo hilo ndilo linalosikika katika kauli ya kuomba msamaha, niwie radhi, na ndilo waliolitumia wafasiri wa Biblia ya Muungano pale Paulo anapowaeleza Warumi kwamba yeye ni mdeni wa mataifa. Katika matumizi haya yote deni ni hali iliyopo baina ya watu wawili. Hakuna anayemshitaki mwenzake. Mmoja yuko katika hali fulani kwa mwingine.

Tabaka la pili limetokana na Kiarabu, nalo ni pana zaidi: deni na mdeni, dai na mdai, rehani, dhamana, hati, mnada, dalali, riba, na filisi pamoja na mufilisi. Haya ni maneno ya maandishi na ya baraza la kadhi. Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni mdai. Katika Kiswahili cha mahakama za leo, mdai ni yule afunguaye kesi na mdaiwa ni yule ashitakiwaye, hata kama shauri halihusiani na fedha kabisa. Katika mazungumzo ya kawaida, mdai ni mtu yeyote anayekudai, awe amekwenda mahakamani au hajakwenda. Lugha, kwa hiyo, imemweka mkopeshaji na mshitaki katika neno moja, na mwia amefifia. Si lazima kudai kwamba jamii ilibadilika kwa sababu neno lilibadilika. Lakini anayezisoma nyaraka za pwani hawezi kupuuza kwamba kadiri hati zilivyoongezeka ndivyo jozi ya mdai na mdaiwa ilivyozidi kutawala.

Neno moja zaidi lahitaji kutajwa hapa, nalo ni -komboa. Shamba lililowekwa rehani hukombolewa. Mtumwa aliyelipiwa fedha apate uungwana alikombolewa vilevile. Katika karne ya ishirini kitenzi hicho kilipanda daraja kikawa ukombozi wa nchi na wa bara zima. Wenye mashamba wa Pemba katika miaka ya 1890 walizitumia maana mbili za mwanzo katika mwaka mmoja na pengine katika barua moja, kwa kuwa shamba na watumwa wa kulifanyia kazi vilikuwa mali za mtu yule yule, na aghalabu zilikuwa katika deni lile lile.

Bei ya khiyari

Dini iliyotawala maisha ya pwani ilikuwa na msimamo ulio wazi juu ya ombi la muhula. Aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara inaagiza kwamba mdeni aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na inasifu zaidi kumwachia deni kama sadaka. Aya mbili zinazofuata baada ya hiyo moja, ya 282 na ya 283, zinaagiza deni liandikwe mbele ya mashahidi, na zinataja rehani iliyokabidhiwa mkononi pale asipopatikana mwandishi. Mdeni Mwislamu aliyemwendea mdai Mwislamu alikuwa basi na hoja ambayo mdai hakuweza kuibeza hadharani. Ugumu ulikuwa mahali pengine: riba imeharamishwa, na fedha nyingi hazikopeshwi bure.

Ufumbuzi uliotumika sana Oman na Zanzibar ulikuwa bei ya khiyari, yaani mauzo yanayomwachia muuzaji hiari ya kulirudisha shamba lake katika muda uliowekwa. Nchi nyingine za Kiislamu zilikuwa na mikataba ya jamii hiyo kwa majina mengine. Waturuki wa madhehebu ya Kihanafi waliiita ya wafa, na watu wa Hadhramaut waliiita ya uhda. Namna yake ilikuwa hivi. Chukua mfano wa kubuni: mwenye shamba anahitaji rupia 1,000. Anamwandikia mwenye fedha hati kwamba amemuuzia shamba kwa rupia 1,000, na kwamba ana khiyari ya miaka miwili ya kulikomboa kwa thamani hiyo hiyo. Hati ya pili, iliyoandikwa siku ile ile, inasema kwamba mnunuzi amempangisha muuzaji shamba lile kwa rupia 120 kwa mwaka. Muuzaji hakuhama. Aliendelea kupalilia, kuchuma na kuanika karafuu zake juu ya majamvi kama jana. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa mpangaji katika shamba la baba yake, na kodi aliyolipa ilikuwa sawa na faida ya asilimia 12 kwa mtu yeyote ajuaye hesabu.

Wanazuoni walilijadili jambo hili kwa muda mrefu. Waliolikataa waliona riba iliyovishwa kanzu. Waliolikubali waliona mauzo halali na upangishaji halali, kila mmoja ukisimama peke yake, na wakatambua kwamba bila ya njia hiyo biashara ya Bahari ya Hindi ingekosa mafuta ya taa yake. Mahakama za Kiingereza zilipoanza kusikiliza mashauri haya zilielekea kuutazama undani wa mkataba na kuuita rehani ya kawaida. Uamuzi wa namna hiyo ulikuwa na akili, lakini ulikuwa na athari ambayo haikukusudiwa. Katika bei ya khiyari muda ukipita bila kukomboa, mauzo yalikuwa yamekwisha kutimia, na yote yaliyofuata yalitegemea huruma ya mnunuzi. Katika rehani ya Kiingereza mdeni alikuwa na haki ya kukomboa, lakini mdai naye alikuwa na haki ya kwenda mahakamani akauziwe shamba kwa mnada. Ombi la muhula likahama: lilitoka barazani kwa mnunuzi, likaingia katika faili la shauri.

Kwa nini mdai alikubali kungoja

Mwezi Aprili 1872 tufani iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo mzalishaji mkuu. Bei ilipanda kwa waliobakiwa na miti, na wengi wakakimbilia kupanda upya. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na hata ukishakua hauzai sawasawa. Mwaka wa neema hufuatwa na mwaka au miaka ya mavuno haba. Mtu anayepanda mikarafuu kwa fedha za kukopa anahitaji, kwa maumbile ya mti wenyewe, mdai mwenye subira. Mwaka uliofuata, 1873, mkataba na Uingereza ulifunga soko la watumwa na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini, na gharama ya wafanya kazi ikaongezeka wakati ule ule ambapo miti michanga ilikuwa inadai palizi.

Wakopeshaji wakubwa walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, Wahindu wa Kibhatia na Waislamu wa Kiismailia na Kibohora miongoni mwao, ingawa Waarabu wenye nafasi nao walikopesha. Nyumba ya Jairam Sewji, iliyokuwa imekodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, iliwakopesha masultani wenyewe pamoja na wenye mashamba. Chini ya nyumba kubwa za mjini walikuwapo wenye maduka ya shambani, na chini ya hao walikuwapo wachumaji na wenye miti michache waliochukua mchele na nguo kwa ahadi ya karafuu zilizokuwa bado mtini. Mwenye duka wa Chake Chake au Wete alikuwa mdai kwa wateja wake na mdeni kwa tajiri wa mjini, naye tajiri huyo alikuwa na hesabu zake Bombay. Aliyeombwa muhula naye alikuwa na mtu wa kumwomba.

Jambo linaloshangaza katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa ni jinsi wadai walivyokuwa wazito wa kuchukua mashamba. Maelezo ya kwamba walikuwa wema hayatoshi, na yale ya kwamba walikuwa waoga hayatoshi pia. Mwaka 1860 Balozi Rigby aliwaondolea Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza haki ya kumiliki watumwa, na kuwaacha huru waliokuwa mikononi mwao. Tangu hapo Mhindi aliyelichukua shamba alilichukua bila ya watu wa kulifanyia kazi. Mikarafuu isiyopaliliwa humezwa na magugu, na karafuu isiyochumwa kwa wakati wake hufunguka ikawa ua lisilo na bei. Mdai hakuhitaji shamba. Alihitaji karafuu, na aliyejua kuzitoa shambani alikuwa yule yule mdeni wake. Mwarabu wa Pemba aliyekwenda kuomba muhula hakwenda mikono mitupu. Alikwenda na mavuno ya mwakani, ambayo mdai hangeyapata kwa njia nyingine.

Adabu ya ombi ilificha hesabu hii. Mdeni mwenye heshima hakumvamia mdai dukani mbele ya wateja. Barua ya pwani, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ilianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa jina na sifa zake, ikafuata salamu na kuuliza hali, kisha neno la kugeuza, wabaadu, na baada ya hapo tu haja yenyewe. Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya namna hiyo mwaka 1892, zikiwamo barua, na anayezisoma leo kwa mazoea ya barua za ofisini huona kwamba zinakawia mno. Lakini kukawia huko kulikuwa na kazi. Deni likitajwa kabla ya salamu, mwandikiwa amekwisha kuwa mdai. Likitajwa baada yake, bado ni sheikh, ndugu, au jirani.

Lakini muhula uligharimu. Kodi ya mwaka isipolipwa, haikufutwa. Iliongezwa juu ya thamani ya shamba, hati ya zamani ikachanwa, na mpya ikaandikwa kwa jumla kubwa zaidi. Katika mfano uliotolewa hapo juu, mdeni aliyeomba miaka miwili ya ziada bila kulipa kodi ya miaka miwili ya kwanza alijikuta amelipokea shamba lake kwa rupia 1,240, na kodi mpya ikihesabiwa juu ya hizo. Kila muhula uliotolewa kwa upole ulilisogeza shamba mbali zaidi na mikono iliyolipanda. Familia nyingine zilijikinga kwa kuyaweka mashamba wakfu, kwa kuwa shamba la wakfu haliuzwi wala haliwekwi rehani; njia hiyo iliokoa shamba na wakati huo huo ikaifunga milango ya mkopo, maana ni nani atakayekopesha kwa dhamana asiyoweza kuigusa? Swali hilo litarudi.

Ilipofika tarehe 6 Aprili 1897, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria na wenye watumwa waliothibitisha hasara yao wakaahidiwa fidia. Mizani ikageuka. Kazi ya shambani sasa ilipatikana kwa mshahara, na mtu mwenye fedha taslimu, ambaye aghalabu alikuwa mdai, aliweza kuwaajiri wachumaji sawa na mwenye shamba au kumshinda. Nguvu iliyokuwa imejificha ndani ya ombi la mdeni ilipungua. Wadai waliendelea kungoja mara nyingi, kwa mazoea na kwa sababu bei ya karafuu ilikuwa nzuri katika vipindi kadhaa vya mwanzo wa karne ya ishirini, lakini kungoja sasa kulikuwa hiari yao zaidi kuliko zamani.

Sheria za mwaka 1934

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 uliporomosha bei ya karafuu. Hati zilizoandikwa wakati wa bei nzuri zilidai rupia zile zile, huku kila frasila ikileta chache. Mnyororo wa wadai ulikaza kutoka juu kushuka chini, na maombi ya muhula yakapanda kutoka chini kwenda juu, yakikutana katikati na watu ambao wao wenyewe hawakuwa na nafasi.

Serikali ya himaya ilikuwa imeanza kulitazama tatizo hili kabla. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilianzishwa mwaka 1927, na mojawapo ya madhumuni yake lilikuwa kuwakopesha wenye mashamba fedha za palizi na uchumaji. Ripoti ya C. F. Strickland ilitolewa mwaka 1932. Naye alikuwa mtumishi wa serikali ya Punjab aliyebobea katika vyama vya ushirika. Ilifuata ripoti ya C. A. Bartlett na J. S. Last juu ya madeni ya wakulima. Kisha mwaka 1934 zikatangazwa kwa mkupuo mmoja sheria kadhaa. Mojawapo ilisimamisha kwa muda madai ya wadai juu ya ardhi ya kilimo, na muda huo ukawa unaongezwa. Nyingine iliwadhibiti wakopeshaji fedha. Iliyokuwa na uzito zaidi ilikataza ardhi ya kilimo ya Mwarabu au Mwafrika isihamie kwa mtu asiye Mwarabu wala Mwafrika bila ya idhini ya Balozi Mkaazi. Mfano wake ulikuwa sheria ya ardhi ya Punjab ya mwaka 1900, iliyokusudiwa kuwalinda makabila ya wakulima wa huko dhidi ya wakopeshaji wa mjini.

Hapa ndipo muhula ulipobadilika kabisa umbo. Zamani aliyeutoa alikuwa mtu mwenye jina, na aliyeuomba alijulikana kwake; sasa ulitolewa na serikali kwa watu wote wa kundi fulani dhidi ya watu wote wa kundi jingine, na hakuna aliyehitaji kuuomba. Mdeni hakulazimika kueleza dhiki yake. Aliyekuwa na dhiki na asiyekuwa nayo walisimamishiwa deni kwa pamoja, ili mradi rangi yao ya kisheria iliwaruhusu. Kwa mdai, upole alioutoa miaka ishirini haukuwa tena na maana mbele ya sheria iliyomhesabu kuwa tishio kwa ardhi kutokana na ukoo wake. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon mwaka huo huo kuchunguza, naye aliandika ripoti iliyozikosoa sheria hizo. Magazeti yakagawanyika, Al-Falaq la Jumuiya ya Waarabu likiwa upande mmoja, na Samachar pamoja na Zanzibar Voice yakiwa upande wa pili.

Hukumu juu ya sheria hizo haiwezi kuwa ya upande mmoja. Zilizuia minada wakati ambapo minada ingewamaliza wenye mashamba wengi kwa bei ya kutupa, na hilo si dogo. Lakini zilifanya kwa mashamba yote kile ambacho wakfu ulikuwa umekifanya kwa machache: ziliifanya dhamana isiguswe. Wakopeshaji waliacha kukopesha. Msimu wa kuchuma hauna subira, wachumaji hulipwa kila siku, na mwenye shamba aliyekuwa ameokolewa na deni la zamani alijikuta hana fedha za kuvuna karafuu ambazo zingemwezesha kulilipa. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilitakiwa kujaza pengo hilo, na mwaka 1937 kikapewa ukiritimba wa ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi walijibu kwa kususa karafuu, wakaungwa mkono na chama cha Congress huko India, soko kubwa mojawapo la zao hilo. Mgomo uliendelea hadi mwaka 1938, ulipokwisha kwa mapatano yaliyowarudishia wafanyabiashara nafasi katika uuzaji wa nje kwa sharti la kununua sehemu ya karafuu zao kutoka kwa Chama. Sheria ya kusuluhisha madeni ya mwaka huo ililiweka deni la zamani mbele ya chombo cha serikali, kilichopewa kazi ya kulipima.

Kupima deni kulihitaji kufukua hati. Ni katika hatua hii ambapo tofauti kati ya fedha iliyotolewa na fedha iliyoandikwa ilijitokeza waziwazi, kwa sababu hati ya mwisho ilibeba ndani yake mihula yote iliyotangulia. Mdai alikuwa na saini na mashahidi kwa kila rupia. Mdeni alikumbuka kwamba mkononi mwake zilifika nusu. Huenda wote wawili walikuwa wanasema kweli, na lugha ya mahakama, iliyowajua kama mdai na mdaiwa tu, haikuwa na mahali pa kuiweka kweli ya namna hiyo.

Baada ya hapo

Mapinduzi ya Januari 1964 yalilimaliza suala hili kwa njia ambayo hakuna aliyeiombea muhula. Ardhi ilitaifishwa, na tangu mwaka 1965 mashamba makubwa yakagawanywa kwa vipande vya eka tatu. Mpewa eka alipewa kutumia, hakupewa kuuza wala kuweka rehani. Hati za khiyari, zile ambazo hazikuchomwa au kuliwa na mchwa, zilikuwa karatasi.

Rehani yenyewe ilikuwa imekwisha kuhamia mjini na kuvaa suti. Mkopo wa nyumba wa Nairobi au Dar es Salaam wa siku hizi unaandikwa kwa Kiingereza, na mkopaji huusaini katika ofisi yenye viyoyozi bila kumwona mtu aliye na fedha. Sheria imejaribu kuuweka muhula ndani ya mkataba. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kwa mfano, inamtaka mkopeshaji, mkopaji akichelewa kulipa kwa mwezi mmoja, ampe ilani isiyopungua miezi mitatu ya kurekebisha kasoro hiyo, na baadaye ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Hesabu ya siku imechukua nafasi ya salamu. Linalobaki kwa mkopaji ni kuandika barua, na vitabu vya mafunzo ya Kiswahili, ambavyo vina barua ya kuomba kazi na ya kuomba ruhusa ya kutofika shuleni, havijampa mfano wa kuandika hii. Kwa idara za Kiswahili kazi hiyo si ndogo: istilahi za benki zimetafsiriwa kwa bidii, ilhali adabu ya kumwambia benki kwamba mshahara umekatika imeachwa kila mtu aibuni mwenyewe, mara nyingi kwa Kiingereza cha kuazima.

Tarehe 18 Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa nchini Kenya, Benki Kuu ya nchi hiyo ilitangaza nafuu kwa wakopaji. Mikopo ya watu binafsi, ile iliyokuwa haina malimbikizo kufikia tarehe 2 Machi, ingeweza kuongezewa muda hadi mwaka mmoja. Mezani, tangazo hilo lilifanana na la mwaka 1934: serikali, dhiki ya ghafla, na muda wa ziada. Lakini halikusimamisha deni la mtu yeyote kwa pamoja na la mwenziwe, wala halikuuliza ukoo wake. Kila mkopaji aliyetaka nafuu alitakiwa aiendee benki yake, aeleze hali yake, na aombe.